Kufinyanga ili Kubuni Tena: Mwongozo Kamili wa Warsha ya Udongo Mjini Kigoma

Mtu mzima anayesema "mimi sina kipaji" kwa kawaida ni yule yule ambaye utotoni alifinyanga ng'ombe, mitumbwi na magari ya udongo nyuma ya nyumba bila kumwuliza mtu yeyote kama yanafanana. Uwezo haukumtoka. Alichopoteza ni mazoea ya kutengeneza kitu ambacho hakuna atakayekisahihisha: shule ilikuja na alama zake, kazi ikaja na taarifa zake, na mikono ikabaki na shughuli za kuandika, kubonyeza simu na kuhesabu fedha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa warsha ya siku mbili ya kufinyanga kwa mkono, pamoja na siku ya kuchoma itakayofuata vyombo vikikauka, kwa ajili ya watu wazima wa Kigoma na Ujiji ambao hawajashika udongo tangu utotoni, wawe walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa sokoni, mafundi cherehani au wastaafu wa reli.

Msimamo unaoongoza hatua zote ni kwamba mikono hutangulia na wazo hufuata. Mshiriki hahitaji kuja na wazo kichwani. Anahitaji udongo ulioandaliwa vizuri, muda usiokatizwa, na hakikisho kwamba vitu vya kwanza atakavyotengeneza havitatunzwa wala kupigwa picha. Warsha nyingi za aina hii huharibika kwa sababu mwandaaji ana haraka ya matokeo, anataka kila mtu aondoke na chombo cha kuonyesha nyumbani, na kwa haraka hiyo anawarudisha watu katika hofu ile ile iliyowafanya waache kubuni.

Kwa nini udongo, na kwa nini Kigoma

Rangi na turubai za wachoraji hugharimu fedha, na mtu aliyeshika kitu cha gharama huogopa kukiharibu. Udongo unachimbwa, na kilichoharibika kinarudishwa katika ndoo na kutumika tena kesho yake, mradi hakijachomwa. Zaidi ya hapo, mkoa huu una historia ndefu ya ufinyanzi. Huko Uvinza, ambako chemchemi za maji ya chumvi zinapatikana karibu na mto Malagarasi, watu wamechemsha maji hayo katika vyungu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na vigae vya vyungu hivyo bado vimo ardhini. Kuni, samadi, magunzi ya mahindi na maganda ya mise (kokwa za mchikichi) yanayobaki baada ya kutoa mafuta ya mchikichi vinapatikana kwa urahisi, kwa hiyo hata suala la tanuri la umeme halina nafasi ya kuwa kisingizio.

Wapo watakaouliza kuhusu gurudumu la kufinyangia. Halihitajiki, na kwa warsha ya wanaoanza lingekuwa kikwazo, kwa sababu kulimudu huchukua miezi. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ikiwemo British Museum, hujenga vyombo vyake kwa mkono na kuvisugua hadi ving'ae. Njia hiyo ndiyo ya wafinyanzi wetu pia.

Hatua ya kwanza: kuchagua watu, wakati na mahali

Kundi linalofaa ni la watu wanane hadi 12. Wakipungua sana, kila mmoja hujiona anaangaliwa. Wakizidi 14, mwandaaji hawezi kufika mezani kwa kila mtu. Ni vyema kuchanganya umri na kazi, lakini usimwalike bosi pamoja na watumishi anaowasimamia, kwa kuwa watafinyanga huku wakimtazama usoni. Katika mwaliko wako eleza wazi kwamba hakuna posho, hakuna cheti, na kwamba chakula cha mchana kitakuwepo. Hapa kwetu jambo hilo lisipotajwa mapema huulizwa saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, tena kwa sauti, na hali nzuri iliyojengwa huvurugika.

Majira yanayofaa ni ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Wakati wa masika vyombo hukauka kwa shida, kuni huwa mbichi, na shimo la kuchomea hujaa maji. Tafuta mahali penye kivuli na sakafu inayosafishika kwa maji: baraza pana, ukumbi wa kanisa au msikiti ukikubaliwa, banda la shule wakati wa likizo, au uwanja wenye mwembe mkubwa. Mahali pa kuchomea panaweza kuwa tofauti na pa kufinyangia, na papangwe mapema kwa kumwona mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwani moshi unaopanda bila taarifa huleta majirani wenye ndoo za maji.

Hatua ya pili: kutafuta na kupima udongo

Hatua hii ianze angalau wiki tatu kabla ya warsha, na isifanywe kwa haraka, kwa sababu udongo mbaya humkatisha tamaa mshiriki ambaye atadhani kosa ni la mikono yake.

Watu wa kuuliza ni wawili: mfinyanzi mzee wa eneo lako, ambaye anajua shimo lake na pengine alirithi ruhusa ya kuchimba hapo, na wafyatua matofali, ambao wanajua ni wapi udongo hunata na wapi hupasuka. Kwa dalili za jumla, tafuta mabonde ambako maji husimama kwa muda mrefu baada ya mvua, kama yale yanayolimwa mpunga. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na mboji, kisha chimba chini kidogo hadi kwenye udongo unaokatika kwa jembe na kuacha uso unaong'aa. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na fukia shimo ukimaliza, kwa kuwa ng'ombe na watoto hupita.

Usichimbe ufukweni mwa ziwa penye makombe ya konokono. Vipande vya makombe ni chokaa. Vikichomwa hugeuka chokaa hai, ambayo baadaye hunyonya unyevu wa hewa, huvimba, na kubandua vipande vya chombo siku au wiki kadhaa baada ya mtu kukipeleka nyumbani. Ukiwa na shaka, dondoshea siki au maji ya limau juu ya vijiwe vyeupe utakavyoviona katika udongo: vikitoa povu, tafuta shimo jingine.

Kisha fanya vipimo viwili. Cha kwanza ni kuviringisha ujiti wa udongo wenye unene wa penseli na kuuzungusha kwenye kidole. Ukijikunja bila kupasuka, udongo unanata vya kutosha. Ukikatika, una mchanga mwingi. Cha pili ni kutengeneza kibapa chenye urefu wa sentimita 12, kuchora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, na kukiacha kivulini hadi kikauke kabisa. Mstari ukipungua hadi sentimita 9.5 au 9.3, udongo ni mzuri. Ukifika sentimita tisa au chini yake, udongo unasinyaa kupita kiasi, na vyombo vitapata nyufa vikiwa bado vinakauka.

Dawa ya udongo unaosinyaa ni vigae. Kusanya vipande vya vyungu vilivyovunjika, vitwange kinuni, vichekeche kwa chekecheo la unga, na uchanganye sehemu moja ya unga huo kwa sehemu tano za udongo. Punje hizo zilizokwisha kuonja moto hazisinyai tena, hufungua njia ndogo ambazo mvuke hupitia, na huwezesha chombo kustahimili moto wa wazi. Ukikosa vigae, mchanga safi wa mtoni utasaidia, ingawa si kwa kiwango kile. Unapotwanga, funika pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowa, fanyia nje, na usifagie vumbi likiwa kavu, kwani vumbi la udongo na mchanga lina silika ambayo hudhuru mapafu ya anayelivuta mara kwa mara.

Udongo uliochimbwa hukaushwa, hupondwa, hulowekwa kwa maji hadi ulainike, kisha uji wake huchujwa katika chekecheo na kuachwa utuame. Mwaga maji ya juu, tandaza uliobaki juu ya magunia hadi uwe na ulaini wa unga wa chapati uliokandwa, uukande pamoja na vigae, halafu uufungie ndani ya mifuko ya plastiki kwa wiki moja au zaidi. Udongo uliokaa namna hiyo hutii mkono kuliko uliokandwa jana. Hesabu kilo tano kwa kila mshiriki. Ndoo mbili za lita 20 zilizojaa zinatosha kundi zima na kubakiza akiba kidogo.

Hatua ya tatu: kumwalika mfinyanzi na kukubaliana naye

Mfinyanzi wa hapa ni lazima awepo, na alipwe kwa kiwango mlichokubaliana kabla ya siku ya kwanza, si kwa "asante" ya soda. Jambo la kumwomba ni gumu kidogo kwake: asianze kwa kutengeneza chungu kizima mbele ya watu. Akifanya hivyo, mikono yake iliyozoea itakamilisha kitu kizuri kwa muda mfupi, na washiriki wote watatumia siku mbili wakijaribu kukinakili na kushindwa. Mwombe aonyeshe mwendo mmoja mmoja tu, kwa mfano namna ya kubinya, ya kuviringisha kamba ya udongo, au ya kuunganisha, kisha azunguke mezani. Chungu chake kizima akitengeneze alasiri ya siku ya pili, watu wakiwa wamekwisha kuyajua magumu yake. Wakati huo ndipo watakapokitazama kwa macho ya wanaoelewa.

Wazee wengi wa kazi hii wana namna yao ya kusahihisha isiyoumiza. Kijana atasema, "Shikamoo bibi, njoo uone, nimeshaharibu." Naye atajibu, "Marahaba mjukuu wangu. Hujaharibu, udongo umechoka kwa maji. Uweke kando, chukua mwingine." Katika jibu hilo lawama imetolewa kwa mtu na kuwekwa kwenye udongo, na mwandaaji anafaa ajifunze kuzungumza hivyo.

Vifaa ni vichache: mbao au vipande vya plaiwudi vya kufanyia kazi, mabeseni ya maji, kanga kuukuu za kufunikia, waya mwembamba wa kukatia, vipande vya kibuyu vya kulainishia kuta, visu butu, njiti, magunzi, na kokoto laini za ziwani za kusugulia. Simu zikusanywe katika kapu moja lililofunikwa.

Siku ya kwanza: kazi isiyotunzwa

Waeleze watu kanuni kabla hawajashika chochote: hakuna kitu kitakachotengenezwa leo ambacho kitachomwa, na saa kumi jioni kila kitu kitarudi ndooni. Wengine watacheka, mmoja au wawili watalalamika. Usilegeze. Kanuni hii ndiyo nguzo ya warsha nzima, kwa kuwa mtu anayejua kwamba kazi yake itavunjwa hana sababu ya kuilinda, na asiyelinda kazi huanza kujaribu.

Zoezi la kwanza ni la kufumba macho. Kila mshiriki apewe donge linaloenea kiganjani, alishike kwa mikono miwili, afumbe macho, na kwa dakika kumi alikande bila kukusudia umbo lolote. Mwandaaji aseme maneno machache tu: sikia ubaridi, sikia mahali palipo pagumu, fuata kidole gumba kinapotaka kwenda. Dakika tatu za mwanzo kutakuwa na minong'ono na vicheko vya aibu. Baadaye mabega hushuka na chumba hutulia. Wakifumbua macho wasionyeshane. Walivunje donge na kulirudisha kuwa mviringo.

Zoezi la pili ni kibakuli cha kubinya. Donge lishikwe katika mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia kizame katikati hadi kibakize unene wa kidole chini, kisha ukuta ubinywe kati ya kidole gumba na vidole vingine huku donge likizungushwa kidogo kidogo. Shinikizo liwe jepesi na la kurudia. Anayebinya kwa nguvu atapata ukingo uliopasuka. Alainishe nyufa kwa kidole kilicholowa kidogo, asimwage maji. Ukuta unaofaa una unene wa milimita sita hadi kumi, na njia rahisi ya kuujua ni kuuchoma kwa njiti na kutazama kina chake. Kila mtu atengeneze vibakuli vitatu mfululizo, na cha tatu akifanye kwa mkono asioutumia kuandikia. Hicho cha tatu mara nyingi huwa ndicho chenye uhai kuliko vyote, kwa sababu mkono huo haujawahi kufunzwa kuogopa.

Zoezi la tatu ni la wingi. Katika dakika 45 kila mmoja atengeneze vitu 20 vidogo kuliko kidole gumba: samaki, kiti, ua, sikio, chochote. Vitu vitano vya kwanza vitakuwa vile ambavyo kila mtu angetengeneza. Kati ya cha sita na cha 12 watu hukwama, hutazama juu, hutazama cha jirani. Usiwape mawazo wakati huo, hata wakiomba. Waambie waendelee hata kwa kitu kisicho na jina. Baada ya hapo huanza kutokea vitu ambavyo mtengenezaji mwenyewe hakuvitarajia, kwa mfano mdudu mwenye miguu ya meza au mtumbwi wenye mlango, na hapo ubunifu unaotafutwa ndipo unapojitokeza. Muda huo wa dakika 45 una mantiki nyingine pia. Utafiti wa Drexel University nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulipima homoni ya kotisoli inayoendana na msongo katika mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kazi za sanaa, ukiwemo udongo. Ilishuka kwa karibu robo tatu yao, na uzoefu wa sanaa haukuwa sharti la kupata nafuu hiyo.

Baada ya chakula, watoe watu nje kwa saa moja, ama kuelekea mwaloni Kibirizi ama kwenye soko lililo karibu, kila mmoja akiwa na kipande bapa cha udongo mkononi. Kazi yao ni kukusanya alama: kugandamiza udongo juu ya wavu, kamba ya mtumbwi, kuti la mchikichi, gunzi, tairi, ubao wa mashua uliochakaa, shingo ya chupa. Watarudi na bapa lililojaa alama ambazo wamepita kando yake kila siku. Mabapa haya, na haya tu, yasivunjwe. Yafunikwe kwa kanga yenye unyevu hadi kesho, yawe daftari la mapambo. Saa kumi ikifika, vingine vyote virudi ndooni, na mwandaaji awe wa kwanza kuvunja chake.

Siku ya pili: mipaka inayosaidia

Uhuru usio na mpaka humlemea anayeanza. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao vya mraba na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Ufinyu wa vifaa hivyo umo ndani ya mtindo wenyewe unaobeba jina lake. Kwa hiyo usimwambie mtu "tengeneza unachotaka." Mpe masharti matatu: chombo kiweze kubebwa kwa mikono miwili, kiwe na uwazi mmoja tu, na kibebe alama mbili kutoka katika bapa lake la jana. Sharti la nne achague mwenyewe, nalo lihusu mtu atakayekitumia: chombo cha mama yake kuwekea vitunguu, chetezo cha shangazi, kibakuli cha funguo za dereva.

Ujenzi ni wa kamba za udongo. Anza na kitako bapa chenye unene wa milimita kumi. Viringisha kamba zenye unene wa kidole gumba, kwa viganja vilivyonyooka na si kwa ncha za vidole, la sivyo kamba hujaa mabonde. Kwaruza ukingo wa kitako, paka uji wa udongo, laza kamba, kisha sugua ndani na nje hadi mshono utoweke. Mshono uliofichwa kwa nje tu utaachia motoni. Baada ya kamba tatu au nne pumzisha kazi kivulini kwa nusu saa ili ukuta wa chini ukaze na kubeba uzito wa juu. Wasio na subira huona chombo kikikaa chini kama kilichochoka. Chombo kipanuke kwa kuweka kamba nje kidogo ya ile ya chini, na kibanwe kwa kuiweka ndani kidogo.

Alama hugandamizwa udongo ukiwa umekaza kiasi, mkono mmoja ukishikilia ndani. Anayetaka mng'ao asubiri hadi kidole kisiache alama tena, kisha asugue uso kwa kokoto laini kwa duara ndogo ndogo. Kazi hiyo ni ya polepole na watu wengi huipenda kuliko zote. Mng'ao huo hubaki baada ya kuchomwa, mradi moto usizidi sana.

Kabla ya kuondoka keti duara, kila chombo kiwe mbele ya mtu mwingine na si mtengenezaji wake. Anayekishika aseme mambo mawili tu: anachokiona na mahali mkono wake unapotaka kushika. Maneno "kizuri" na "kibaya" yapigwe marufuku, na mtengenezaji anyamaze mpaka mwisho. Akina baba hupata tabu na kimya hicho. Hutaka kueleza kwamba walikusudia kingine.

Kukausha

Vyombo vikae kivulini, vimefunikwa kwa kanga siku mbili za kwanza, kisha wazi kwa siku nyingine saba hadi kumi, vikigeuzwa kila siku ili pande zote zikauke kwa usawa. Siku mbili za mwisho viwekwe juani. Kipimo cha ukavu ni shavu: weka chombo shavuni asubuhi kivulini, kikiwa cha baridi kuliko hewa, bado kina maji ndani.

Siku ya kuchoma

Anza asubuhi na mapema, upepo ukiwa bado haujashika, mbali na nyumba za nyasi na mashamba makavu, na uwe na mapipa ya maji na rundo la mchanga karibu. Wanaohudumia moto wavae nguo za pamba na viatu vilivyofunika vidole. Mitandio na kanga za kujifunga zikae mbali.

Hatari kubwa ni katika saa za mwanzo. Maji yaliyobaki katika vinyweleo huchemka yanapofika nyuzijoto 100, na mvuke usiopata njia huvunja ukuta kwa mlio. Kwa hiyo washa moto mdogo wa kuni, panga vyombo kuuzunguka kwa umbali wa hatua moja, na uvisogeze kidogo kidogo, ukivigeuza kwa fimbo, kwa saa mbili au tatu, hadi viwe vya moto kiasi kwamba tone la maji linatoweka papo hapo.

Wakati huo shimo liwe tayari: kina cha sentimita 60, upana wa mita moja hadi moja na nusu, likiwa limekaushwa kwa moto wa jana yake. Tandaza chini unene wa kiganja wa maganda ya mise yaliyochanganywa na maranda kutoka kwa mafundi mbao. Panga vyombo vikiwa vimeinama, vizito chini, bila kubanana, ukitumia glovu nene na makoleo. Zungushia magunzi na samadi kavu, funika kwa vigae vikubwa vya vyungu vya zamani ili kuni zisianguke juu ya kazi, kisha panga kuni nyembamba na juu yake kuni za wastani. Washa kutoka juu. Moto unaoshuka taratibu hupasha vyombo bila kuvishtua, ilhali moto unaowashwa chini hupanda ghafla.

Kati ya nyuzijoto 450 na 600 udongo hupoteza maji yaliyofungwa katika umbile lake, na baada ya hapo hauwezi tena kulainika ukiloweshwa. Kwenye nyuzijoto 573 punje za kwazi, madini magumu yaliyo katika mchanga, hubadilika ukubwa kwa ghafla wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, na hii ndiyo sababu ya kutokufukua shimo mapema. Moto wa wazi kama huu hufika kati ya nyuzijoto 600 na 900. Endelea kulisha kuni kwa saa mbili hadi nne, hadi vyombo vinavyoonekana kati ya makaa viwe na wekundu hafifu, kisha acha moto ushuke wenyewe. Anayetaka vyombo vyeusi afunike shimo wakati huo kwa samadi laini na mabati ili moshi uzuiwe ndani. Anayetaka vyekundu aache hewa ipite. Madoa meusi yatatokea popote chombo kilipogusana na kuni, na hakuna awezaye kuyapanga.

Shimo lisiguswe hadi kesho yake. Waambie washiriki mapema kwamba chombo kimoja kati ya kadhaa kinaweza kupasuka, na waalike wote kuja kufukua pamoja, kwani aliyepata chombo chenye ufa huumia zaidi akiambiwa kwa simu.

Matumizi na mwendelezo

Chombo kilichochomwa namna hii bado kina vinyweleo na kitavujisha maji. Kwa vyakula vikavu, funguo, maua makavu au ubani kinafaa kama kilivyo. Anayekitaka kwa kupikia akipashe taratibu huku kikiwa na uji mwepesi wa wanga ndani, auache uchemke na kuzama katika kuta, na arudie siku ya pili. Baadaye akitumie kwenye moto wa wastani, asikiweke kikavu juu ya jiko wala kukimwagia maji baridi kikiwa cha moto. Vyombo vilivyopakwa rangi ya dukani baada ya kuchomwa visitumike kwa chakula kabisa.

Vilivyovunjika vitwangwe viwe unga wa vigae. Udongo uliobaki uwekwe katika ndoo yenye mfuniko, chini ya gunia lililolowa, nyumbani kwa mshiriki mmoja ambaye wengine wanaweza kumpitia jioni bila hodi ndefu, na tarehe ya kukutana tena, hata kwa saa mbili za Jumamosi, ipangwe watu wakiwa bado wanafukua shimo. Katika mikutano hiyo rudieni zoezi la vitu 20 kabla ya kazi nyingine yoyote, na vitu hivyo virudi ndooni kama siku ya kwanza. Mashauri ya kuuza yasubiri mpaka kundi limechoma mara kadhaa: bei ikitajwa mapema, kila mtu huanza kutengeneza chombo kile kile ambacho mteja wa kwanza alikisifia.